Mtazamaji Si Mtoto: Kuhariri Video za Chakula cha Usambara

Vugiri iko kwenye ukingo wa kusini wa Usambara ya Magharibi, juu ya Korogwe, katika nchi ya chai na misitu. Anayepita huko leo hana sababu ya kudhani kwamba kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na studio ya filamu. Palikuwa nayo. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioanzishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na kwa ridhaa ya Wizara ya Makoloni ya Uingereza. Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, alishika kamera na ufundi. G. C. Latham, aliyetoka idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini, alishika upande wa mafunzo. Walitoa filamu fupi zipatazo 35 za milimita 16, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kadhaa kati yake zilihusu shamba na kinachotoka shambani: chai, kahawa chini ya kivuli cha migomba, mbegu bora, mmomonyoko wa udongo. Zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza.

Ukitafuta babu wa chaneli zetu za video za kilimo na chakula, anza hapo. Na kama ilivyo kwa babu yeyote, ametuachia mali na ametuachia deni.

Deni ni dhana yake kuhusu mtazamaji. Waliotengeneza filamu za elimu za kikoloni waliamini kwamba Mwafrika wa kijijini anahitaji filamu ya namna yake: polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, bila kuruka kutoka picha hadi picha. Aliyeifanya dhana hiyo kuwa kanuni ni William Sellers, mtumishi wa idara ya afya Nigeria, ambaye baadaye alikiongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939. Kwa Sellers, picha ya karibu sana ni hatari kwa sababu mtazamaji atadhani mbu ana ukubwa wa ng'ombe. Kukata haraka ni hatari kwa sababu mtazamaji atapoteza njia.

Ushahidi uliopendwa kuliko wote ni kisa cha kuku. Marshall McLuhan wa Kanada alikirudia katika kitabu chake *The Gutenberg Galaxy* cha mwaka 1962, akimnukuu msomi John Wilson. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya bwana afya akieleza, kwa utaratibu wa kuchosha, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo yanayozaa mbu. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kama filamu yao ina kuku. Wakaipitia fremu kwa fremu, wakamkuta: kwa sekunde moja hivi, kwenye kona ya chini, kuku aliyeshtuka anakatiza. Wilson akahitimisha kwamba watu wasiozoea filamu hawaitazami fremu nzima, wanaokoteza vipande.

Mimi nakisoma kisa hicho kinyume. Katika filamu nzima kulikuwa na kitu kimoja kinachokwenda kasi, chenye uhai, tena kinacholiwa, na watazamaji wakakiona. Aliyeshindwa kuitazama fremu yake nzima ni mtengenezaji. (Kwa mhariri wa video za chakula hili ni onyo la kila siku: mbuzi anayepita nyuma ya bibi anayepepeta mchele atamwibia bibi huyo onyesho lote.)

Leo dhana ya Sellers imepinduliwa juu chini. Wanaouza mafunzo ya kukuza chaneli wanatuambia kwamba mtazamaji hana subira: kata kila baada ya sekunde mbili au tatu, weka maandishi yanayoruka, muziki usikatike, kitu kipya kitokee kabla kidole hakijateleza. Matokeo yake, kwa upande wa Lushoto huko Usambara, yanafahamika hata kabla hujabonyeza. Droni inatoka kwenye mwamba wa Irente, tambarare ya Mazinde inafunguka karibu mita 1,000 chini, ngoma ya kununuliwa mtandaoni inalia. Kisha kabichi lenye umande. Kisha karoti zinaoshwa. Kisha mtangazaji anauma plamu na kufumba macho. Dakika tatu zimekwisha, na hujui nani kalima, nani kabeba, nini kimepikwa, wala kilichukua muda gani.

Sellers alidhani mtazamaji hawezi kufuata. Hawa wanadhani hawezi kungoja. Wote wawili wanakata filamu kwa kipimo cha udhaifu wa mtu wasiyemjua. Kipimo ninachokipendekeza hapa ni kingine: kata kwa kufuata kazi yenyewe. Kila kazi ya chakula ina hatua zake, na kila hatua ina pahali ambapo kitu kinageuka. Unga unakuwa uji, uji unakuwa ugali. Kipande kidumu mpaka kitu kigeuke, halafu kikatwe. Wakati mwingine ni sekunde moja, wakati mwingine ni arobaini.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Tuseme unahariri kipande cha mlo wa mchana katika nyumba moja upande wa Mlalo au Bumbuli: ugali na mshunga, mboga chungu ya majani inayojiotea yenyewe mashambani na kandokando ya njia. Kwanza, uamuzi wa kuupiga picha mshunga badala ya kabichi tayari ni uamuzi wa kihariri. Usambara inajulikana nchini kwa mboga za kizungu na matunda ya baridi: kabichi, karoti, viazi, pea, plamu. Hivyo ndivyo vinavyopakiwa kwenye Fuso. Lakini mwanaanthropolojia Anne Fleuret, aliyefanya utafiti wa mlo wa Wasambaa na kuuchapisha mwaka 1979, alionyesha jinsi majani ya porini yalivyokuwa na nafasi kubwa sufuriani katika wilaya ya Lushoto, hiyohiyo inayolisha miji kwa mboga za bustani. Cha kuuza kinang'aa mbele ya kamera, cha kula kinasubiri jikoni. Chaneli inayojiita ya chakula ikibaki sokoni tu, inafanya habari za biashara.

Sasa klipu zako ziko mezani. Umepiga kuchuma, kuchambua, kuosha, kukatakata, kuchemsha, kumwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, kutia nazi au karanga, kusonga ugali, kupakua. Mhariri mwenye haraka ataona kwamba kuchambua ndiko kunakochosha, atakufupisha hadi sekunde mbili, kisha atatanua kumimina nazi kwa mwendo wa pole kwa sababu weupe juu ya kijani unapendeza. Lakini ujuzi uko wapi? Uko kwenye kuchambua. Ni hapo mama anapotenga jani changa na kukuu, anapotupa bua bila kutazama huku anaongea na jirani. Mkono unajua. Ukimpa mtazamaji sekunde 20 za mikono hiyo, picha moja bila kukata, atajifunza kitu ambacho maelezo ya mdomo hayawezi kumpa. Nazi ikimiminwa ni nazi ikimiminwa. Sekunde tatu zinatosha.

Kuchemsha ndiko kunakosumbua, kwa sababu hakuna kinachotokea mbele ya macho na bado ndiyo sehemu ndefu. Njia ya kawaida ni kuandika kwenye kioo "dakika 30 baadaye". Sina ugomvi nayo, ila jikoni kwenyewe kuna saa nyingine nzuri zaidi. Kuni zinafupika. Mstari wa mwanga wa mlangoni unahama kutoka ukutani kwenda sakafuni. Mtoto aliyekuwa amechuchumaa karibu na mafiga hayupo, kisha amerudi na ndoo. Ukiwa umepiga picha ya kuni zilezile kutoka pembe ileile mara tatu, unaziunganisha na muda unaonekana umepita bila neno. Hili haliokolewi wakati wa kuhariri kama halikufikiriwa wakati wa kupiga. Ndiyo maana napenda mhariri aende na wapigapicha mlimani angalau mara ya kwanza, ajue atakachokikosa.

Na uchungu wa mshunga? Rangi haiwezi kuuonyesha. Unaonekana kwenye uso wa anayekula, na hasa kwenye uso wa mtoto akilinganishwa na wa babu yake. Picha mbili, hakuna haja ya msimulizi.

Tukija kwenye mwanga, jiko la mlimani ni mtihani. Asubuhi za ukungu, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, mwanga unaoingia mlangoni una ubaridi wa bluu, kelvini 7,000 au zaidi. Moto wa kuni uko chini kabisa, kama 2,000, mwekundu wa kahawia. Kamera iliyoachwa ijiamulie itahangaika kati ya viwili hivyo; kila mama akiinama kuchochea, rangi ya chumba kizima inabadilika. Funga urari wa rangi kwa mkono. Ufunge kwa kutumia nini? Karatasi nyeupe inafaa, lakini kwenye kuhariri utaikuta haipo katika nusu ya klipu. Ugali upo. Ugali wa sembe ni mweupe wa kutosha kukupa kipimo. Angalia tu usije ukapima kwa dona: dona ina umanjano wake, na ukiulazimisha uwe mweupe, nyuso zote zitageuka za bluu kama wagonjwa. Mimi ningepima kwa sembe iliyo upande wa mlangoni, kisha ningeuacha moto ubaki na wekundu wake. Jiko lenye moto usio mwekundu linaonekana kama duka la vifaa.

Kijani ndicho kinachoharibiwa kuliko rangi zote. Simu nyingi hukikoleza zenyewe kabla hujagusa chochote, na mhariri akiongeza kidogo tena, mshunga uliopikwa unafanana na mbichi. Katika video ya mapishi huko ni kumdanganya mtu, kwa sababu rangi ndiyo inayomwambia mboga imeiva. Jani likiiva huelekea kwenye kijani cheusi chenye ukahawia. Acha lielekee huko. Programu kama DaVinci Resolve, hata ile ya bure, inakuwezesha kukamata kijani peke yake na kukipunguza bila kugusa ngozi za watu, na kwa video za Usambara, ambako kila upande ni majani, hicho ndicho kitufe cha kwanza ninachokifikia.

Jambo moja la kiufundi lisilo na utamu wowote ila linaokoa kazi: umeme wa kwetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na simu nyingi hurekodi fremu 30. Kwenye maduka, hoteli na maghala yenye taa za bei nafuu, mistari myeusi itatembea kwenye picha. Rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, mistari inaisha.

Kuhusu sauti nitasema machache. Rekodi dakika nzima ya jiko likiwa kimya, yaani moto, upepo, kuku wa nje, bila mtu kuongea. Utaitandika chini ya mazungumzo yote na mikato haitasikika. Sauti ya mwiko kwenye kuta za sufuria ianze kabla ya picha yake, mtazamaji akiwa bado anaona shamba. Hapo safari kutoka shambani hadi jikoni imekwishafanyika bila kupiga hatua. Muziki uwekwe mwisho, na mara nyingi hautahitajika.

Sehemu ambayo chaneli nyingi zinaidharau ni michoro. Hadithi ya chakula cha Lushoto haieleweki bila mlima, na ramani ya kawaida inaufuta mlima huo. Chora mstari wa Mombo, Soni, Lushoto kwenye ramani ya setilaiti, uutembeze kwa rangi nyekundu: mtazamaji anaona kilomita thelathini na kitu, jambo dogo. Haoni kwamba Mombo iko kwenye joto la mkonge na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, kwenye baridi ya pea na plamu. Mchoro unaofaa ni wa ubavu: chini tambarare, juu vilele, na barabara inapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mimea ipangwe mahali pake, mkonge chini, migomba na mahindi kwenye miteremko, bustani za mboga kwenye mabonde ya juu yenye maji. Hapo ndipo mtu wa Kariakoo anaelewa kwa nini kabichi limetoka huku na si Mkomazi.

Ila mchoro wa ubavu una ujanja wake na lazima usemwe wazi. Kwenye skrini ya pikseli 1,920, ukiipa barabara yote pikseli 1,700, basi kupanda kwa mita 1,000 kutapata pikseli 50 tu kwa kipimo cha kweli. Itaonekana kama kibanzi. Kwa hiyo utarefusha kimo mara tano au zaidi, na kila mchoraji wa milima hufanya hivyo. Andika pembeni kwa herufi zinazosomeka: kimo kimerefushwa. Mtazamaji hatakasirika.

Kipimo kingine kinachohitaji picha ni lumbesa. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba cha mzigo juu na kushonwa kwa kamba, na bei inabaki ya gunia. Wakala wa Vipimo umepigana na ufungaji huu kwa miaka, na kila mkulima ana la kusema juu yake. Wapigapicha hulipenda lumbesa kwa sababu ni kubwa na linachekesha likiwa mgongoni mwa kuli. Lakini picha peke yake haionyeshi hasara. Simamisha fremu, chora mstari pale mdomo wa gunia ulipo, kisha paka rangi sehemu iliyo juu ya mstari. Hiyo iliyopakwa rangi ndiyo isiyolipwa. Sekunde nne, hakuna jedwali, na mkulima wa Soni hatahitaji kufafanuliwa.

Historia ndiyo inayowatega wengi. Ukitaka kusimulia chakula cha Usambara utamfikia Mbegha, mwindaji wa nguruwe ambaye, kwa masimulizi ya Wasambaa, alikuja na nyama, akawagawia watu, nao wakampa vyakula vya shambani, mwisho akawa mfalme na ukoo wa Wakilindi ukatawala kutoka Vuga. Steven Feierman alikichambua kisa hicho kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, na kabla yake Abdallah bin Hemedi alikwishaiandika *Habari za Wakilindi* kwa Kiswahili. Hakuna video ya chakula inayoweza kutamani mwanzo bora kuliko huo: ufalme ulioanza kwa kubadilishana nyama na wanga. Tatizo ni kwamba picha ya Mbegha haipo. Siku hizi mhariri anaiandikia kompyuta ombi, anapata mfalme mwenye ngozi ya chui na ngao ya Kizulu amesimama kwenye nyika isiyo na mti. Usambara ni msitu! Afadhali mchoro wa kweli wa mkono, mistari michache, rangi mbili, unaojionyesha kuwa ni mchoro. Msanii wa Lushoto anayejua majani ya mgomba yanavyochanika kwa upepo atakupa kitu ambacho hakuna programu itakayokipa.

Picha za kale zipo za kipindi cha Wajerumani, wakati Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal. Nyingine ziko kwenye hifadhi za Ujerumani na baadhi zimewekwa wazi mtandaoni, zikiwemo za Walther Dobbertin, aliyepiga picha nchini kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukizitumia, mwambie mtazamaji ni za nani na za lini, na usizipitishe kwa sekunde moja kama pambo. Mpigapicha alikuwa na wateja wake, na soko alilolipanga mbele ya kamera lilipangwa kwa ajili yao.

Nilisema Vugiri ilituachia na mali pia. Filamu zao hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, hivyo filamu ileile ikaweza kusema Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine. Kwa bajeti finyu ya mwaka 1935 ilikuwa akili nzuri, na imerudi: tangu mwaka 2023 YouTube imekuwa ikizifungulia chaneli uwezo wa kuweka njia zaidi ya moja za sauti kwenye video moja. Wazee wengi wa milimani wanaeleza mapishi vizuri zaidi kwa Kisambaa kuliko kwa Kiswahili. Usiwafunike kwa sauti ya mtangazaji wa Dar es Salaam. Waache waseme, weka maandishi ya Kiswahili chini, kisha tengeneza njia ya pili yenye usimulizi kwa wasioweza kusoma haraka. Ili hilo liwezekane, hifadhi nakala ya video isiyo na maandishi hata herufi moja: majina ya mahali, vipimo, na lile onyo la kimo kilichorefushwa, vyote vikae kwenye tabaka lake.

Maandishi ya chini ya Kiswahili yana tabu yake pia. Netflix huweka herufi 42 kwa mstari, na neno kama "tulivyoyachambua" linameza 16 kati ya hizo. Programu nyingi hukata mstari popote zinapofika ukingoni, zikaacha "ya" peke yake mwishoni na "kwanza" ikaanza mstari unaofuata. Pitia kila mstari kwa jicho. Punguza maneno kabla hujapunguza ukubwa wa herufi, maana wengi wanatazama kwa simu, juani.

Inabaki thamneli. Ile picha ya pikseli 1,280 kwa 720 uliyoipamba kwa saa mbili, kwenye simu inabaki na ukubwa wa kiberiti. Kitu kimoja, uso mmoja, maneno matatu au hata yasiwepo. Plamu zitashinda mshunga. Ukiweka zote mbili kwenye majaribio ya YouTube ya kulinganisha picha za jalada, sina shaka wekundu utavuta zaidi kuliko kijani cheusi. Ziweke basi, mradi plamu ziwemo kwenye video yenyewe. Halafu hakikisha dakika ya kwanza haijaisha kabla mtazamaji hajaiona mikono ya mama ikichambua.